Uvimbe wa Jumapili

Mwaka ule dada yangu alivimba karibu kila Jumapili, na mimi nilimwonea wivu. Naliandika jambo hili mwanzoni kwa sababu nikilichelewesha nitatafuta namna ya kulipamba, na kichwani mwangu nimekwisha kulipamba vya kutosha.

Namwita dada ingawa alizaliwa na kaka mkubwa wa baba. Kwetu mtoto wa baba mkubwa ni dada tu. Alifika Bunia akitoka upande wa Bule, amekaa nyuma ya pikipiki na godoro mgongoni, wakati watu walipokuwa wakishuka kutoka milimani kwa makundi. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Baba yake hakufika. Baadaye mambo yalitulia, utulivu wetu ule tunaoujua: shule zilifunguliwa, soko lilijaa, magari meupe ya walinda amani yalipita polepole, na kila asubuhi baba aliuliza habari za barabara kabla ya kuuliza chai. Ng'ombe wake wachache waliobaki aliwaweka kwa rafiki yake pembeni ya mji. Maziwa yalitufikia kwa pikipiki, siku ambazo njia ilipitika.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, yeye ishirini. Alipewa kitanda changu, kile cha karibu na dirisha, na hakuna aliyeniuliza. Sikuweza kulalamika, maana utalalamika vipi juu ya mtu ambaye baba yake hakufika? Kila mtu alimsemesha kwa sauti ya chini. Mama alimwekea vipande laini vya nyama. Baba, ambaye mimi nilimjua kama mtu wa maneno matatu kwa siku, alicheka hadi kukohoa kwa hadithi zake za Bule. Na kwa kweli alikuwa anachekesha. Hilo ndilo lililoniuma. Kama angekuwa mtu wa kuchosha, ningemhurumia vizuri sana.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kwangu, vibuyu vya maziwa. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, madarasa yalipogeuka mahali pa kulala watu waliokimbia, na tangu hapo nilijifundisha peke yangu kila nilichokijua: Kifaransa kutoka kamusi isiyo na jalada, ushonaji kutoka nguo kuukuu nilizozifumua. Nilikuwa mtu wa kurudia. Ukurasa wenye herufi moja iliyokaa vibaya niliuandika upya wote. Kazi ya vibuyu nilipaswa kufundishwa na bibi, mama wa baba, lakini alifariki kabla sijafikia umri. Na mama alikulia Butembo katika duka la wazazi wake, maziwa aliyoyajua yeye ni ya kopo. Kwa hiyo nilianza na kumbukumbu ya harufu tu.

Kibuyu huoshwa, hukaushwa, kisha hufukizwa kwa moshi wa majani makavu mpaka tumbo lake la ndani linukie. Hapo ndipo maziwa hukaa humo bila kuharibika, na hupata ladha ambayo watu wetu hawawezi kuiacha. Vibuyu vyangu vya kwanza viliungua. Vilivyofuata vilipasuka. Mwishowe nilijivumbulia dawa: baada ya moshi nilipaka ndani matone machache ya mafuta ya simsim, kwa kitambaa nilichokifunga kwenye kijiti. Niliyanunua sokoni kwa mama mmoja aliyeyaleta kutoka Mahagi, akanipimia katika chupa ya dawa ya kikohozi. Vibuyu vikaacha kupasuka. Vikang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Wageni walipouliza nafanyaje, nilisema ni mkono tu. Hata mama sikumwambia. Nilivishughulikia mara moja kwa wiki, siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi, nikiwa peke yangu nyuma ya jiko.

Uvimbe ulimwanza dada miezi michache baada ya kufika. Midomo ilijaa, macho yakawa mistari miwili, mikono ikatoka mabaka mekundu yenye kuwasha. Ulimjia Jumapili, mara nyingine Jumatatu, kisha wiki nzima ikapita na vipele viwili vitatu tu. Mama mmoja wa kwaya, alipomwona akitoka kanisani na uso kama mkate, alisema mbele ya watu kwamba binti huyu ana alerji ya Neno la Mungu. Dada alicheka kuliko wote. Alimjibu kwamba Neno halikuwa na kosa, ni kwaya.

Utani uliisha alipochumbiwa. Kijana alitoka katika familia ya wafugaji, watu wa Ituri tangu mababu, na kwao, kama kwetu, kuna siku ambayo binti hupelekwa kwa mama wa mwanaume. Hakuna hotuba kubwa. Mama yule humpa kibuyu cha maziwa mbele ya wanawake wa ukoo wote, na binti hunywa. Akinywa, amekuwa wa nyumba ile. Akikirudisha bila kunywa, amewakataa, na hakuna maelezo yanayoweza kufuta jambo hilo. Siku ilikuwa imepangwa, zimebaki wiki sita. Na kwa wakati uleule mama na majirani walianza kusema kile ambacho kila mmoja alikuwa akikifikiri: uvimbe huu unatoka kwenye maziwa. Kwa mtoto wa Mzungu ni ugonjwa kama mwingine. Kwetu, ni kama kuambiwa kwamba damu yako imekukataa. Shangazi mmoja wa kijana alikuwa amekwisha kutuma swali, kwa adabu nyingi, kuuliza kama binti ni mzima.

Nilitaka yawe maziwa. Sikutaka afe, wala sikutaka hata aumie sana. Nilitaka tu kuwe na kitu kimoja ambacho mimi naweza na yeye hawezi.

Baba aliniagiza niandike kila kitu dada anachokula, kwa sababu mimi ndiye mwenye mwandiko. Nilichukua kaye mpya, daftari la shule, nikapiga mistari kwa rula: siku, saa, chakula, kinywaji, sabuni, uvimbe. Kalamu ya bik ya bluu kwa chakula, nyekundu kwa ngozi. Niliandika hata dawa ya meno. Nilimfuata dada nyumba nzima kama karani wa forodha. Siku moja alitoka msalani akanikuta mlangoni, akaniuliza kama na huko kulikuwa na mstari wake.

Ndipo habari zikaja kwamba daktari wa alerji, mama mmoja kutoka Goma, angekaa siku nne katika kliniki moja ya mjini. Bunia tulikuwa na madaktari wa malaria, wa kuzalisha, wa risasi. Daktari wa kuvimba hatukuwahi kumwona. Baba alizunguka hadi akapata nafasi moja. Nilimwambia mama kwamba na mimi napiga chafya asubuhi, na mimi nawashwa, huenda tungeomba nafasi mbili. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

“Weye hauna alerji, mama,” aliniambia taratibu. “Uko na wivu tu.”

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko mpaka uso wangu ukapoa.

Kliniki ilitaka dada aache vidonge vyake vya kutuliza uvimbe wiki nzima kabla ya kipimo, kwa sababu dawa ile huifanya ngozi inyamaze. Ilikuwa wiki mbaya. Jumapili ile alivimba hadi sikio moja likasimama peke yake, na hakuwa na cha kumeza. Aliniomba nimkune mgongo kwa kitana. Nilimkuna kwa upole, kwa muda mrefu, na wakati huohuo nilikuwa nikifikiri kwamba mimi nikiugua hakuna anayenikuna. Mikono yangu ilikuwa ya dada mwema. Yaliyokuwa kichwani sijui niyaite nini.

Tuliambiwa pia tuje na kile tunachokishuku. Hapa nilifanya kosa ambalo mtu mzembe asingelifanya. Mtu mzembe angemimina maziwa kutoka kibuyuni. Mimi nilichemsha chupa, nikaikausha juani juu ya kitambaa safi, nikampa kijana wa pikipiki aende ikajazwe moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe, ili pasiwe na kitu kingine humo ila maziwa. Nilijivunia sana chupa ile.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimlaza dada mkono juu ya mto, akamwandikia namba kwa bik kwenye ngozi, mistari miwili, kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Niliona kwamba namba zake zilipinda. Kando ya kila namba alidondosha tone kutoka kichupa chake, kisha akachoma ndani ya kila tone kwa ncha ndogo, hata damu haikutoka. Dada aliangalia mistari ile miwili ikijaa.

“Doktere, uko nanipanda mahindi?”

“Niko napanda,” alisema daktari. “Tungoje kenze minit tuone nini itaota.”

Walicheka wote wawili. Walikuwa wamejuana kwa dakika tano. Nilitazama mkono ule wenye matone kumi na manne, kila tone likiwa na namba yake, na mtu aliyesoma miaka mingi akiwa ameinama juu yake, na nilitamani mkono uwe wangu. Basi nikasema. Nilisema kwamba na mimi napiga chafya. Dada aligeuza uso kwa dirisha kuficha kicheko. Daktari hakunicheka, labda alikuwa na dakika za kupoteza. Alinidondoshea matone matatu na kunichoma.

Wakati tukingoja dakika hizo kumi na tano, aliomba kaye. Aliifungua, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, kisha akavua miwani na kuivaa tena.

“Ni nani aliandika hii?”

Nilisema ni mimi, na sauti yangu ilitoka nyembamba. Aliuliza nimesomea wapi. Nilisema popote. Alitikisa kichwa, akasema kwamba Goma ana wanafunzi wa udaktari ambao hawawezi kumwandikia ukurasa mmoja wa namna hii. Kwa mara ya kwanza tangu godoro lile lishuke kwenye pikipiki, kulikuwa na mtu chumbani ambaye alinitazama mimi na hakumtazama yeye. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nikachungulia mkono wangu, na tazama, tone moja kati ya matatu lilikuwa limeota kivimbe kizuri cha mviringo. Nilimwonyesha daktari haraka.

“Ile inavimbaka kwa kila mutu,” alisema. “Naiwekaka njo nijue kama kipimo iko nafanya kazi. Zingine zako ziko sawa. Weye uko muzima kabisa.”

Dada alisema nipewe pole.

Kisha daktari akavuta taa karibu na mkono wake. Maziwa ya kichupa: hakuna kitu. Maziwa yetu, yale ya chupa yangu: hakuna. Mayai, karanga, samaki, hakuna. Vumbi kidogo tu. Lakini kwenye namba kumi na moja ngozi ilikuwa imeinuka, nyeupe katikati na nyekundu pembeni, pana kama kifungo cha koti. Daktari alipima kwa rula.

“Sezame,” alisema. “Simsim. Munakula simsim nyumbani?”

Dada alisema hapana, siye hatuile, baba mudogo hataki hata harufu yake kwa sahani. Ilikuwa kweli. Baba alichukia simsim katika mboga, na mama hakuipika kamwe. Daktari alirudi kwenye kaye. Alifuata mistari yangu kwa kidole, wiki baada ya wiki, na nikaona kidole chake kikisimama penye Jumapili, kikaruka, kikasimama tena penye Jumapili. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika. Nilifika kabla ya kidole chake. Posho, nyuma ya jiko, kijiti, kitambaa, chupa ya dawa ya kikohozi. Jumapili asubuhi kibuyu kipya mezani, na dada akipewa kikombe cha kwanza kwa sababu kila mara alipewa cha kwanza.

“Humu simsim haiko,” alisema daktari. “Na mutu mwenye aliandika hii hakusahau kitu. Kama haiko humu, hakukula.”

Alinitazama ili nithibitishe. Nilitikisa kichwa kukubali.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kaye ilikuwa imesifiwa dakika kumi tu zilizopita, na sikuweza kuonyesha kwamba ina tundu katikati. Hiyo ni sababu moja. Vibuyu vilikuwa vyangu peke yangu, na kama ndivyo vinavyomvimbisha basi kitu changu pekee kizuri ni sumu ya nyumba. Hiyo ni ya pili, na ni kubwa zaidi. Lakini chini ya hizo kulikuwa na nyingine, ndogo na tulivu, na hiyo ndiyo ninayoiogopa: nilikuwa nataka kuona daktari ataamua nini.

Aliamua hivi. Alisema ngozi inaweza kuinuka bila mtu kuumwa na kitu kile, na kama simsim hailiwi nyumbani basi haiwezi kuwa ndiyo. Maziwa, ngozi inayatetea. Lakini kaye inaonyesha kwamba kila uvimbe mkubwa umekuja saa moja au mbili baada ya kunywa maziwa, na kaye hii anaiamini. Uvimbe wa midomo si mchezo, siku moja unaweza kuingia kooni. Mpaka apimwe mahali penye vifaa vikubwa, asinywe maziwa. Aliandika hayo kwenye karatasi, akapiga mhuri, akampa dada. Dada aliuliza kama angeweza kunywa hata kidogo, mara moja tu, siku moja iliyokuwa inakuja. Daktari alisema hapana, hata kijiko.

Tulirudi watu watatu kwenye pikipiki moja, dereva mbele, dada katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Karatasi alikuwa ameiingiza ndani ya blauzi. Hakulia. Mgongo wake ulikuwa mkavu na umenyooka, na mimi nilikuwa nimeegemea hapo njia nzima.

Mchana ule alikuja nilipokuwa nimekaa na kaye. Alisema hataki shangazi wa kijana wasikie sokoni. Afadhali ajue mama wa kijana kwanza, na ajue kutoka kwake.

“Utaniandikia barua? Weye njo unajua kuandika.”

Niliandika. Mungu anisamehe, niliandika vizuri. Niliandika rasimu ya kwanza, nikaona neno limerudiwa, nikaandika ya pili. Nilimweleza mama yule kwa heshima zote kwamba binti alimpenda mwanawe na aliiheshimu nyumba yake, ila mwili wake umezuiwa maziwa na daktari, na kwamba hakutaka kumtia aibu siku ya watu, hivyo anamwachia yeye aamue. Nilipiga mstari wa chini kwa rula. Dada alisoma akiwa amesimama. Alisoma mara mbili, kisha akakaa kwenye kitanda, kile cha dirishani.

“Iko muzuri sana,” alisema. “Hata miye ningejikataa.”

Alitabasamu aliposema hivyo, akainamisha kichwa kuikunja barua pembe kwa pembe, na tone likaanguka juu ya wino wangu likauchafua. Nilitazama herufi zikivimba kwenye karatasi, na jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa kwamba itabidi niandike upya. Nilijisikia nikifikiri hivyo. Ndipo nikasema.

“Miye niko natia mafuta ya simsim ndani ya kibuyu.”

Hakuelewa. Nilimweleza vibuyu vilivyopasuka, mama wa Mahagi, kijiti. Niliongea haraka, kana kwamba alikuwa ameniuliza namna ya kuifanya kazi ile. Aliniacha nimalize.

“Tangu lini?”

“Mbele hata ya weye kuya.”

“Kila siku ya posho.”

“Kila siku ya posho.”

Nje mama alikuwa akimwita kuku. Kisha dada akauliza jambo moja tu, na aliliuliza bila kupandisha sauti.

“Na kule kwa doktere, wakati alisema simsim, ulijua?”

“Nilijua.”

Alihesabu vidole vinne, polepole, kutoka saa tuliyotoka kliniki.

“Njo masaa ine,” alisema. “Masaa ine uko nanitazama tu.”

Alitoka, akamwambia mama mwenyewe, kwa maneno machache kuliko yangu. Mama alikuja mlangoni akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema nisubiri baba arudi. Baba aliporudi alisema kesho asubuhi turudi wote wawili kwa daktari, na kwamba nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu. Hayo yalikuwa maneno yake kwangu kwa jioni ile na kwa wiki iliyofuata.

Ilikuwa siku ya mwisho ya daktari Bunia. Hatukuwa na nafasi. Tulikaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha, kibuyu changu kikiwa kwenye mapaja yangu kimefungwa kitenge, na dada akiwa mwisho mwingine wa benchi. Nilimwambia daktari kila kitu. Alisikiliza, akachukua kibuyu, akakinusa, akakisuuza kwa maji kidogo, akadondosha maji yale kwenye mkono wa dada na kuchoma. Kabla ya kenze minit kivimbe kilikuwa kimekwisha kuinuka.

“Binti,” aliniambia, “kaye yako ilinidanganya vizuri sana.” Kisha akaniangalia kwa muda. “Jana ulijua?”

Dada ndiye aliyejibu. Alisema nilikumbuka nyumbani.

Sijui kwa nini alifanya hivyo. Sikuwahi kumwuliza, na wakati ule sikushukuru. Nilikasirika. Nilifikiri: hata hili ananipita, hata wema.

Daktari alisema kubaki na neno la ngozi hakutoshi; sharti anywe, hapa, mbele ya macho yake, sindano ya dharura ikiwa mezani. Tulikuwa tumeleta maziwa ya chupa, yasiyopita kibuyuni. Alimpa kijiko kimoja, kisha baada ya robo saa robo kikombe, kisha nusu, kisha kikombe kizima. Mimi nilipewa saa yake ya mkononi na karatasi tupu, niandike kila dakika tano: midomo, macho, mikono, pumzi. Tulikaa tukitazamana magoti kwa magoti. Sikuwahi kumtazama mtu kwa muda mrefu hivyo. Ana kovu dogo kwenye nyusi, ambalo sikuwa nimeliona katika kaye nzima ile.

Nitaandika na hili. Katika robo saa ya pili aligusa mdomo wake wa chini kwa kidole, na moyo wangu ukaruka, na haukuruka kwa hofu tu. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka mdomo ule uvimbe. Kama ungevimba, basi yangekuwa maziwa, na mimi nisingekuwa na kosa, na kila kitu kingerudi mahali pake. Alikuwa anafuta tone. Nikaandika: midomo sawa.

“Uko namuomba Mungu gani?” aliuliza dada. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu jana.

“Sijue,” nilisema.

“Basi muombe yule mwingine.”

Kikombe cha mwisho kilikwisha, saa ikazunguka, na hakukuwa na kitu. Daktari aliichana karatasi ile ya jana mara nne, akaandika nyingine: maziwa ndiyo, simsim kamwe, wala mafuta yake, wala sahani iliyopita karibu yake. Dada aliipokea kwa mikono miwili.

Mama alinivua kazi ya vibuyu siku hiyohiyo, akampa dada mpaka atakapoolewa. Dada alivifukiza vibuyu vipya kwa moshi tu, bila haraka, akiimba, na viwili vikapasuka. Jumapili baba alikunywa kikombe chake, akafuta masharubu, akasema maziwa ni mazuri. Alisema kwa sauti ileile aliyosema miaka yote ya mafuta yangu. Nilingoja aongeze kitu. Aliomba sukari.

Kabla ya siku ya kupelekwa, dada alinituma mimi kwa mama wa kijana, nikamwulize vibuyu vyao vinatengenezwaje. Angeweza kumtuma mwingine. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, akashika kifua kwa kicheko. Mafuta ndani ya kibuyu cha maziwa? Nani alinifundisha? Nilisema hakuna. Aliacha kucheka. Alisema basi hiyo ndiyo shida, akanipeleka jikoni kwake, akanionyesha jinsi ya kuupunguza moto, na akaniambia kibuyu hupasuka kwa sababu ya haraka, hakuna sababu nyingine.

Siku yenyewe wanawake walijaa uani. Dada alipiga magoti, akapokea kibuyu, na nikaona shangazi wa kijana wakinyoosha shingo. Alikunywa. Alikunywa kwa muda mrefu, koo lake likipanda na kushuka mbele ya watu wote, na vigelegele vikaanza kabla hajashusha mikono. Kijana alikuwa analia waziwazi. Mama yake alimfuta dada mdomo kwa kona ya kitenge chake, kama mtoto. Nilisimama hapo na wivu wangu wote, haujapungua hata kidogo, nikapiga vigelegele kwa sauti ya juu niliyoweza.

Desturi ni kwamba binti akishakunywa humpa aliyemsindikiza. Dada aligeuka na kunikabidhi kibuyu bila kusema neno, macho yake yakiwa machoni pangu. Nikakipokea. Yalikuwa maziwa ya asubuhi ile, baridi, na moshi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu wowote, bila tone la kitu kingine. Nikayameza, nikanywa tena.